Ukiritimba wa Mifukoni Nao Ufunguliwe



Tuna Matisi upande wa Kitale, na tuna Matisi upande wa Bungoma. Mama aliye katika ile ya kwanza akitaka kuzungumza na bintiye aliye katika ile ya pili, haulizi kwanza binti ana laini ya kampuni gani. Hupiga simu, nayo huita. Lakini mama huyo huyo akitaka kumtumia bintiye shilingi mia tano za dawa, swali la kwanza limtokalo ni hili: "Una M-PESA?" Binti akijibu kwamba yeye yuko Airtel, mazungumzo hubadilika. Hutafutwa jirani mwenye laini ya kijani. Fedha hupitia mkononi mwa jirani, na siri ya ugonjwa wa nyumba ile hupitia masikioni mwake.

Sauti yavuka, shilingi yakwama. Kwa nini? Msitu ni mmoja, minara ni ile ile, na nchi ni moja. Waraka huu utajibu swali hilo, kisha utasema ni nani apaswaye kuondoa kikwazo, na sisi tulio vijijini tuna kazi gani katika jambo hilo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wafanyabiashara na wahandisi, na kwamba gazeti la watetezi wa mageuzi halina haja nayo. Twawajibu kwa heshima: la hasha! Tulipodai vyama vingi, hatukudai alama nyingi juu ya karatasi ya kura. Tulidai haki ya mwananchi kumwacha mtawala asiyemridhisha bila kupoteza shamba lake, kazi yake wala watu wake. Haki ya kuondoka ndiyo humfanya mkubwa awe na adabu. Mahali ambapo mtu hawezi kuondoka, hapo hata mkubwa mwema hugeuka bwana.

Wazee wa Trans Nzoia hawahitaji mwalimu katika somo hili. Wanakumbuka miaka ya vibali vya mahindi. Shamba lilikuwa lako, jasho lilikuwa lako, gunia ulilinunua mwenyewe, na barabara ilijengwa kwa kodi yako. Hata hivyo, ukiyapakia mahindi hayo kuyavusha hadi wilaya nyingine bila kibali, uliyageuza kuwa magendo. Kizuizi cha polisi kilikungoja njiani. Mnunuzi aliyekubaliwa na sheria alikuwa mmoja, yaani Bodi ya Nafaka na Mazao, nayo ililipa ilipotaka kulipa. Vizuizi hivyo vililegezwa kidogo kidogo, na vikaondolewa kabisa mwishoni mwa mwaka 1993, miaka miwili baada ya Kifungu cha 2A kufutwa katika Katiba. Hatukuona hayo kuwa mambo mawili. Yalikuwa jambo moja: kizuizi cha kura na kizuizi cha gunia vilikuwa na baba mmoja.

Sasa tuitazame fedha ya simu kwa macho hayo hayo.

Huduma ya M-PESA ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi mwaka 2007. Tuseme kweli, maana kweli haituogopeshi: ilikuwa kazi njema. Mjane ambaye benki haikumfungulia mlango alipata mahali pa kuweka shilingi mia. Kijana aliyekuwa akifanya kazi Nairobi hakumpa tena utingo wa basi bahasha ya kupeleka nyumbani huku akiomba Mungu ifike. Aliyebuni, aliyetia mtaji na aliyezunguka nchi akiandikisha mawakala anastahili faida yake. Hatumwonei wivu.

Lakini kila aliyeingia aliongeza thamani ya kubaki ndani, na aliongeza pia hasara ya kukaa nje. Huo ndio ulimbo wa biashara ya namna hii. Simu ya kwanza duniani haikuwa na faida, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpigia. Ya pili iliipa ya kwanza maana. Watu wote wakishakusanyika kwa mmoja, mshindani aweza kuleta huduma nzuri zaidi na ya bei nafuu zaidi, asipate mteja. Mteja haulizi tena huduma ipi ni bora. Huuliza watu wangu wako wapi. Kwa miaka mingi akaunti zaidi ya tisa katika kila kumi za fedha za simu nchini zilikuwa za kampuni moja. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo, kama Kifungu cha 2A kilivyoamuru chama kimoja. Hapo ipo tofauti, nasi twaikiri. Lakini mwananchi aliyefungiwa na umati hana njia pana kuliko aliyefungiwa na sheria.

Dawa ya ugonjwa huu yajulikana, nayo si kuivunja kampuni iliyofanikiwa, wala kuwagawia wengine mali yake. Dawa ni kuulazimisha kila mtandao mkubwa upokee na upeleke kwa mitandao mingine, ili mteja wa mdogo aweze kumfikia mteja wa mkubwa bila kuhama. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa sauti. Shirika la zamani la Posta na Simu lilipovunjwa mwaka 1999, na kampuni za simu za mkononi zikaanza kushindana, sheria ilizitaka ziunganishe mitandao yao. Kila moja ilimlipa mwenzake ada kwa simu aliyoipokea. Mwaka 2010 msimamizi wa mawasiliano aliishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi shilingi 2.21, na bei za kupiga simu zikaporomoka mwaka huo huo. Kampuni hazikufa. Aliyepata nafuu ni yule aliyekuwa akimbipu mwenziwe kwa kukosa shilingi tano.

Je, kwa fedha tulifanya nini? Someni kalenda hii polepole.

Mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo. Mwezi Julai mwaka 2014, baada ya Airtel kulalamika, Mamlaka ya Ushindani iliamuru mkataba uliomkataza wakala wa M-PESA kuwahudumia washindani ukome. Mwaka huo huo kanuni za malipo zikawataka watoa huduma watumie mitambo inayoweza kuungana na mitambo ya wengine. Tazameni neno hilo, "inayoweza". Kanuni ilitaka mlango uwe na bawaba. Haikusema ufunguliwe lini. Mwezi Aprili mwaka 2018 ndipo fedha zilipoanza kutoka mfuko wa kampuni moja hadi mfuko wa kampuni nyingine moja kwa moja. Mwezi Aprili mwaka 2022 Benki Kuu ilitangaza kwamba mteja wa Airtel Money au wa T-kash aweza kulipa kwenye namba ya tili ya Lipa na M-PESA dukani.

Hesabuni wenyewe. Tangu huduma kuanza hadi mtu kuweza kumtumia mwenziwe wa mtandao mwingine, miaka kumi na mmoja. Hadi kuweza kulipia sukari dukani, miaka kumi na mitano. Mtoto aliyezaliwa siku M-PESA ilipozinduliwa alikuwa kidato cha kwanza kabla mama yake hajaweza kununua unga kwa laini ya kampuni nyingine. Katika miaka hiyo yote mazoea yaliota mizizi, na mazoea ni kizuizi kisicho na askari.

Ndiyo maana mama wa Matisi angali akiuliza, "Una M-PESA?", ingawa tangu mwaka 2018 angeweza kumtumia bintiye popote alipo. Fedha itafika kweli. Lakini kufika ni nusu ya safari; nusu ya pili ni kutoa. Mfikirini mwenye kibanda cha uwakala. Amri ya mwaka 2014 ilimruhusu kuhudumia kampuni mbili, lakini floti ya moja haiwezi kumtumikia mteja wa nyingine. Ili awahudumie wote, yampasa kugawa mtaji wake mdogo mafungu mawili, ashike simu mbili na aandike vitabu viwili. Mwenye mtaji wa shilingi elfu ishirini atafanya nini? Ataweka zote mahali penye wateja wengi. Basi binti wa Airtel atatembea kituo hadi kituo akiambiwa, "Floti imekwisha." Hakuna aliyevunja sheria. Sheria ndiyo iliyoishia mlangoni.

Kizuizi cha pili ni kumbukumbu. Tangu mwezi Aprili mwaka 2011 Mkenya ana haki ya kuhamisha namba yake ya simu kwenda kampuni nyingine. Ilitangazwa kwa mbwembwe, ikatumiwa na wachache. Si ajabu! Ukihama na namba, akaunti yako ya fedha haikufuati. Wala haikufuati sifa yako ya mkopaji mwaminifu, uliyoijenga kwa kulipa M-Shwari mwezi baada ya mwezi tangu huduma hiyo ianze mwaka 2012. Uaminifu ni wako, lakini daftari ni la mwingine. Ni kana kwamba mshiriki angehama parokia, na kasisi wa zamani akakataa kumwandikia barua kwamba alibatizwa.

Kizuizi cha tatu ni ukimya. Ni wenye maduka wangapi wanaofahamu kwamba tili iliyobandikwa ukutani yaweza kupokea fedha za mtandao mwingine? Ni watunza hazina wangapi wa makanisa waliowaambia waumini hivyo? Mwenye mlango hana faida ya kutangaza kwamba umefunguliwa. Hilo lilikuwa jukumu la msimamizi.

Hapa ndipo tuisemeapo serikali bila kumung'unya maneno. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, serikali ilibaki na asilimia 35. Mwezi Desemba mwaka 2025 ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15, mpango ambao hata ukitimizwa waiacha serikali na asilimia 20. Aidha, tangu mwaka 2013 Hazina hutoza ushuru juu ya ada ya kila muamala, ulioanza kwa asilimia 10 na kufika asilimia 15 mwaka 2023. Basi serikali ni mwenye hisa, ni mtoza ushuru, tena ni mwamuzi. Mwaka 2017 ripoti ya washauri walioajiriwa na Mamlaka ya Mawasiliano ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba kampuni hiyo itambuliwe kuwa yenye nguvu ya kutawala soko na mtandao wake wa fedha ufunguliwe. Ripoti ikavutwa huku na huku, na miaka ikapita. Hatumtuhumu mtu kwa jina wala kwa rushwa. Twasema tu yale ambayo kila mchungaji wa mbuzi ajua: usimweke fisi kuwa hakimu wa kesi ya mbuzi, hata kama ni fisi mwenye tabia njema.

Tumesikia hoja za upande wa pili, na haki yataka tuzijibu.

Wasema: mkimlazimisha aliyejenga kuwafungulia wasiojenga, nani atajenga kesho? Twajibu kwamba hakuna asemaye apokee mizigo ya wengine bure. Alipwe ada ya haki, kama ilivyo kwa simu, na ada hiyo ipangwe na mwamuzi, siyo na mshindani. Aliyejenga daraja kwa kibali cha umma aweza kutoza ushuru wa daraja. Hawezi kuchagua kabila la wapitao.

Wasema tena: mitandao ikiungana, matapeli watapata mwanya. Hoja hii ina uzito, kwani kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe wa mwizi. Kwa hiyo sheria iseme wazi ni nani ataulizwa fedha ikipotea kati ya mitandao miwili, na mlalamishi asirushwe kama mpira kutoka ofisi hadi ofisi. Lakini wizi wa mahindi haukuwa sababu ya kuweka vizuizi vya magunia. Mwizi hukamatwa, barabara haifungwi.

Wasema mwisho: mnaipigania Airtel, nayo ni kampuni tajiri yenye mizizi India. Hatuipiganii. Kesho ikiwa kubwa kuliko zote, sheria ile ile na iishike shingo. Tulipodai vyama vingi wapo waliosema tunampigania Jaramogi au Muliro. Tulikuwa tukipigania mlango, ili yeyote aingiaye aweze pia kutolewa.

Wala tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani. Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kupokeana fedha za wateja wao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu yao ikajenga mfumo wa TIPS wa kuunganisha benki na mitandao ya simu papo hapo. Kwa nini wao walitangulia, ilhali sisi ndio tuliosifiwa duniani kote kwa fedha ya simu? Kwa sababu kwao hapakuwa na jitu moja. Kampuni zilizokaribiana nguvu ziliona faida ya kushirikiana. Mahali penye jitu moja, jitu halina haja ya kushika mkono wa mtu, na hapo ndipo kazi ya serikali inapoanza. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelitambua hilo. Sheria yao ya Masoko ya Kidijitali ya mwaka 2022 yazitaka kampuni kubwa kupita kiasi zifungue milango yake. Hata WhatsApp imetakiwa kuwezesha ujumbe kutoka huduma nyingine kuwafikia watumiaji wake huko. Ikiwa Mjerumani analindwa dhidi ya kufungiwa ndani ya soga zake, Mbukusu na Msabaoti walindwe katika fedha ya dawa.

Madai yetu ni manne. Kwanza, wakala aweze kumhudumia mteja wa mtandao wowote kwa floti moja, na tarehe ya mwisho iandikwe katika kanuni. Pili, kutuma kwa mtandao mwingine kusigharimu zaidi ya kutuma ndani ya mtandao, ila kwa gharama halisi iliyothibitishwa hadharani. Tatu, mteja apewe nakala ya kumbukumbu zake za malipo na mikopo kwa namna ambayo mkopeshaji mwingine ataweza kuisoma. Nne, mwenye kuamua asiwe chini ya mwenye hisa, na maamuzi yake yachapishwe pamoja na sababu.

Twaongeza onyo, nalo twalitoa kwetu wenyewe. Vizuizi vya mahindi vilipoondoka, tulicheza ngoma tukarudi kulala. Asubuhi yake walikuja madalali na magunia yaliyoshonewa vilemba, wakapima kwa mizani yao. Mlango uliofunguliwa bila mlinzi wa vipimo humkaribisha mnyang'anyi mpya. Nabii Amosi hakuwakemea watu kwa kufanya biashara. Aliwakemea kwa kupunguza kipimo na kukuza bei huku wakimnunua maskini. Ushindani si Masihi. Ni nafasi tu ya kukataa, na nafasi hiyo yataka watu walio macho.

Kwa hiyo, wapendwa, kazi ianzie hapa hapa. Mtunza hazina wa kanisa na wa chama cha akina mama aulizie kama namba yake ya sadaka na ya michango yapokea fedha za mitandao yote. Kama haipokei, atafute inayopokea, na atangaze siku ya ibada. Mwenye duka ajaribu tili yake kwa shilingi kumi kutoka kila mtandao, kisha aandike ukutani kile kilichofanikiwa. Wakala aliyenyimwa au kutishwa kwa kuhudumia mtandao wa pili aandike tarehe, saa na maneno aliyoambiwa, kwa maana malalamiko yasiyo na tarehe ni moshi. Kamati za haki na amani za parokia ziyakusanye maandishi hayo na kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani na kwa Benki Kuu, kwa barua yenye sahihi nyingi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, yampa mlaji haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na Kifungu cha 35 chamruhusu raia kudai habari zilizo mikononi mwa dola. Silaha hizo tulizililia. Zisiote kutu.

Katika miaka ile migumu, Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini hawakungoja kuambiwa kwamba siasa ni ya kanisa. Waliona kondoo wamezingirwa zizini, wakanena. Zizi la leo halina seng'enge. Limo mfukoni, lalia kengele, na lasema asante baada ya kila makato. Lakini kondoo asiyeweza kutoka bado yumo zizini.

Siku itafika ambapo mama wa Matisi atamtumia bintiye fedha kama ampigiavyo simu, bila kuuliza laini ni ya nani, na jirani hatajua kwamba mtoto aliugua. Siku hiyo haitaletwa na wema wa wenye hisa. Italetwa na barua zenu. Basi ziandikeni.